Maswali ya Wasomaji: Kuanza Uhunzi

Barua nyingi za uhunzi zinazotufikia huuliza habari za nyundo: ya uzito gani, ya umbo gani. Chache huuliza habari za moto. Lakini ukisoma barua za walioanza wakakwama, karibu kila tatizo limezaliwa motoni, kabla nyundo haijainuliwa. Ndiyo maana majibu ya toleo hili yamekaa zaidi kwenye moto. Wenye maswali ya nyundo watuwie radhi.

Shikamooni mafundi. Nina nafasi ndogo nyuma ya nyumba na hamu kubwa ya kujifunza kufua chuma, ila sina kifaa hata kimoja. Nianze na vipi, na vipi vinaweza kusubiri?

Marahaba. Siku ya kwanza unahitaji moto wenye upepo unaoweza kuuongeza na kuupunguza, kipande kizito cha chuma cha kufulia (fuawe), nyundo moja, brashi ya waya, ndoo ya maji na miwani ya kinga. Basi. Jiliwa, tupa nzuri na grainda ni vya baadaye kidogo. Hata koleo linaweza kusubiri: ukianza na nondo nyembamba yenye urefu wa sm 60, unapasha ncha moja na kushika nyingine kwa mkono. Chuma hakisafirishi joto haraka kiasi hicho, na ukiona mshiko unaanza kuwa wa moto unauchovya majini.

Nyundo iwe ya gramu 800 hadi kilo 1. Wanaoanza wengi huchukua ya kilo 2 wakidhani itawapunguzia kazi. Baada ya dakika kumi mkono umechoka, nyundo inatua upande, na chuma kimejaa mabonde. Kabla ya kuitumia, utazame uso wake. Nyundo mpya huwa bapa kabisa na kingo zake ni kali. Ukiinamisha mkono kidogo tu, ukingo unauma chuma na kuacha alama ambayo haifutiki kirahisi. Zisage kingo zote mpaka ziwe butu na laini, uache uso wenye mbinuko mdogo sana, kisha umalizie kwa msasa. Tunaona kazi hii ya nusu saa ina faida kuliko kununua nyundo ya pili.

Nguo ziwe za pamba au ngozi, maana kitambaa cha nailoni au poliesta kikiangukiwa na cheche huyeyuka na kuganda kwenye ngozi ya mwili. Mkono wa nyundo usivae glavu. Inateleza na inakulazimisha ukaze mshiko. Halafu jambo moja la kuzoea tangu mwanzo: chuma kilichoacha kuwaka huonekana cheusi kikiwa bado na nyuzi 400 za Selsiasi na zaidi. Usiokote kitu chochote karibu na fuawe kabla ya kukisogezea mgongo wa mkono kusikia joto lake.

Fuawe halisi siwezi kuipata. Nimeambiwa kipande cha reli kinatosha. Ni kweli?

Kinatosha, mradi kimepatikana kihalali. Reli iliyo njiani si chuma chakavu. Wengi hukilaza kama kilivyokuwa kwenye njia ya treni, na hapo ndipo wanapokosea. Kikilala, shingo yake nyembamba inatikisika kila unapopiga, na nguvu ya nyundo inapotelea huko. Kisimamishe wima, ukifukie kwenye gogo zito au ndoo ya mchanga ulioshindiliwa, ufulie kwenye ule mkato wa juu. Eneo ni dogo, lakini uzito wote wa reli uko chini ya nyundo. Bonge lolote la chuma la kilo 25 hadi 50 lenye uso tambarare linafaa vilevile.

Kupima ubora wa uso, chukua gololi ya beringi, iachie kutoka kimo cha sm 25. Chuma kizuri huirudisha juu sana, sm 18 au zaidi. Ikirudi chini ya nusu ya kimo, uso huo ni laini na utabonyea. Fuawe za bei rahisi zilizomiminwa kwenye kalibu kwa chuma chepesi kuvunjika nyingi huanguka kwenye jaribio hili.

Urefu: simama wima, mkono ukining'inia, ukunje ngumi. Uso wa fuawe uguse vifundo vya vidole. Ukiwa juu zaidi, bega ndilo linaloumia. Ukiwa chini zaidi, unainama na nyundo inatua kwa ukingo wa mbele. Mwisho, ifunge isitembee. Fuawe inayorukaruka inakula nguvu zako.

Nimetengeneza tanuri la kwanza kwa ndoo na bomba, natumia makaa ya kuni na feni ndogo. Makaa yanaisha haraka sana, juu kunawaka vizuri, lakini chuma hakipiti rangi nyekundu iliyokolea. Tatizo ni nini?

Bila kuliona tanuri lako tunakisia mambo mawili: moto wako hauna kina, na upepo ni mwingi kupita kiasi. Yote mawili yanatibika kwa mpangilio.

Upepo unapotoka kwenye bomba, makaa ya kwanza yanayoupokea huungua kwa nguvu na kula hewa yote safi. Juu ya hapo kuna eneo lenye joto kali kuliko yote, lakini hewa safi imebaki kidogo. Hapo ndipo chuma kinapotakiwa kulala. Ukikiweka chini, karibu na mdomo wa bomba, upepo unakipoza na papo hapo unakila, kinatoka kimejaa magamba. Ukikiweka juu kabisa, hewa ya nje inakipoza. Kwa hiyo unahitaji makaa ya kutosha juu ya bomba: sm 12 hadi 15. Chuma kikae kwenye sm 6 hadi 8 juu ya mdomo wa bomba, kimelala sawa, na makaa mengine yakifunike.

Kwa mwanzo tunapendekeza kuachana na ndoo. Tafuta sanduku la bati au la mbao la sm 60 kwa 40, kina sm 30. Lijaze mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi sehemu 1 na mchanga sehemu 2, wenye unyevu wa kutosha tu kushikana ukiufinya. Ushindilie tabaka kwa tabaka. Katikati chimba mfereji wa upana wa sm 10 juu, urefu sm 25, kina sm 20, kuta zake zikilala kidogo. Bomba la chuma lenye tundu la mm 25 na ukuta mnene lipite ubavuni, mdomo wake ujitokeze sm 5 juu ya sakafu ya mfereji. Nafasi hiyo ya chini ni ya majivu. Bila hiyo, bomba litaziba katikati ya kazi. Acha udongo ukauke siku kadhaa, kisha uwashe moto mdogo kwanza. Nyufa zikitokea, zizibe kwa udongo uleule.

Makaa yavunje yawe na ukubwa wa sm 2 hadi 4. Vumbi linaziba upepo, na mapande makubwa yanaacha mapengo yanayopitisha hewa isiyoungua mpaka kwenye chuma. Halafu upepo. Makaa ya kuni yanataka upepo mdogo mno kuliko makaa ya mawe. Mashine ya kukausha nywele ikiwekwa mwendo wa chini inatosha na kubaki, na mivukuto ya mkono ni bora zaidi kwa anayejifunza, kwa sababu ukiacha kuvuta, moto nao unapumzika. Feni ya umeme haijui kwamba uko kwenye fuawe. Inaendelea kula makaa. Ukiitumia, weka kizuizi cha bati kwenye bomba ili uweze kuufunga upepo kila unapotoa chuma. Makaa yaliyo pembeni, yasiyo na kazi, yanyunyizie maji kidogo yasishike moto.

Mambo matatu usiyafanye kabisa. Usitumie bomba lililopakwa zinki. Usijenge kuta za tanuri kwa mawe ya mtoni au zege, maana unyevu ulio ndani hugeuka mvuke na kuyapasua, vipande vikaruka. Na usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa: makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua.

Nikitoa chuma motoni sijui kama kimefikia. Juzi kimoja kilitoka kinarusha cheche nyeupe, nikapiga, kikakatika. Je, chuma kilikuwa kibovu?

Hakikuwa kibovu, kiliungua. Cheche nyeupe zinazotoka kwenye chuma chenyewe maana yake kinaungua kama kuni. Hewa imeingia kati ya chembe zake na hakuna nyundo itakayoziunganisha tena. Kata sehemu hiyo uitupe, uendelee na iliyobaki. Kosa ni kuacha upepo unavuma huku unashughulika na kitu kingine.

Rangi za kuzijua, kwa chuma laini cha kawaida, ni hizi. Nyekundu iliyofifia, karibu nyuzi 700: usipige kwa nguvu, nyoosha tu kwa kugonga taratibu. Nyekundu ya kukolea, nyuzi 750 hadi 800: mwisho wa kazi, rudisha motoni. Chungwa, nyuzi 900 hadi 950: kupinda na kusawazisha. Manjano, nyuzi 1,050 hadi 1,150: hapa ndipo unapobadilisha umbo hasa, kuchongoa, kutanua, kufupisha. Ikielekea nyeupe, itoe mara moja. Chuma chenye kaboni nyingi, kama cha springi, kisifikishwe huko. Kiishie chungwa ya kung'aa au manjano hafifu, kwa sababu huungua mapema.

Fanya kazi kivulini. Kwenye jua, chuma cha rangi ya chungwa huonekana chekundu, nawe utazidi kukipasha mpaka kiungue. Hilo peke yake linaeleza vyuma vingi vilivyoharibika.

Kitu gani kizuri kutengeneza mara ya kwanza? Mimi nilitaka kisu.

Tengeneza ndoano ya kutundikia, yenye umbo la herufi S. Ndani yake kuna kuchongoa, kuzungusha na kupinda, na ikiharibika hujapoteza kitu.

Chukua nondo laini ya mviringo ya mm 8, urefu sm 60. Weka alama kwenye sm 20 kwa kuikata kidogo na msumeno. Pasha sm 5 za mwisho mpaka manjano. Weka ncha kwenye ukingo wa mbali wa fuawe, inua kidogo mkono ulioshika nondo, na nyundo nayo iinamie upande uleule, ili ncha tu ndiyo ibanwe. Piga mara mbili, geuza robo mzunguko, piga mbili, rudisha robo. Usizungushe mfululizo. Kazi yako sasa ni kuifanya ncha iwe na pande nne, ingawa mwisho unaitaka ya mviringo. Nyekundu ikikolea, rudisha motoni.

Ncha ya pande nne ikifika urefu wa sm 4 au 5, piga zile pembe nne kidogo ili ziwe nane, halafu izungushe polepole huku ukigonga kwa wepesi. Mpangilio huu wa nne, nane, mviringo hauna njia ya mkato. Ukijaribu kuchongoa mviringo moja kwa moja, ngozi ya nje inatembea na kiini kinabaki nyuma, ncha inakuwa na shimo katikati na hatimaye inapasuka.

Sasa pasha ncha tena, itoe sm 1 nje ya ukingo wa fuawe, igonge ishuke. Igeuze iangalie juu, uigonge kuelekea kwako mpaka ijikunje. Kisha pasha sm 8 na upinde ndoano yenyewe juu ya bomba nene la mm 30 lililobanwa vizuri, mkunjo mdogo ukitazama nje. Kata kwenye alama. Upande wa pili unafanya vilevile, ukishika ndoano iliyopoa kwa plaisi ndefu, na unapinda kwa mwelekeo wa kinyume. Malizia kwa brashi ya waya chuma kikiwa cha moto, na kikipoa mpaka nta ya nyuki inayeyuka juu yake bila kuwaka, kipake.

Utashangaa nondo imerefuka. Ncha iliyochongoka yenye sm 6 imetokana na sm 2 tu za nondo, kwa sababu ujazo wa umbo lililochongoka sawasawa ni theluthi moja. Na chuma mraba cha mm 10 ukikipunguza kuwa mm 5, kila sm 5 inakuwa sm 20. Hesabu kabla ya kukata.

Nikichongoa, chuma changu badala ya kuwa mraba kinakuwa na pembe mbili kali na mbili butu. Nikizidi kupiga kinazidi kuharibika.

Kimelala, kimekuwa kama uru wa karata. Sababu ni kwamba hukukigeuza robo kamili, au nyundo yako inatua kwa kuinama. Ukipiga nyuso zake unakilaza zaidi. Kipashe hadi manjano, kisimamishe kwa pembe zile kali, moja juu na moja chini, ugonge ya juu mpaka pembe zote zilingane. Ndipo urudi kwenye nyuso. Fanya hivyo mapema. Kikiwa chembamba hakirudi.

Nimefua kisu kutoka springi bapa ya gari. Nikakipasha kikawa chekundu, nikakitumbukiza kwenye maji baridi. Kikalia "tii" na ufa ukatokea. Kingine cha nondo hakikuwa kigumu kabisa. Nisaidieni.

Ni matatizo mawili. Nondo nyingi za ujenzi hazina kaboni ya kutosha. Chini ya asilimia 0.3 hivi hakuna maji wala mafuta yatakayokipa chuma makali ya kudumu. Springi ina takriban asilimia 0.6, na hiyo inakuwa ngumu kweli, lakini kwa mafuta. Maji huipoza haraka mno, nje inajikaza wakati ndani bado, na inapasuka. Pembe kali, mikwaruzo mirefu ya grainda na joto lililozidi huongeza uwezekano huo. Springi chakavu nayo huweza kuwa na ufa wa zamani usioonekana, hivyo ichunguze kwanza.

Tungependa uanze na tindo kabla ya kisu; ni fupi, nene, haipindi inapozimishwa, yaani inapopozwa ghafla. Ukimaliza kuifua, ipashe mpaka sumaku iache kuinasa, karibu nyuzi 770, uongeze joto kidogo tu, kisha uiache ipoe yenyewe hewani. Rudia mara tatu. Hii inarekebisha chembe zilizokuzwa na joto kubwa la kufulia, na ndiyo hatua inayorukwa na wengi.

Kisha mafuta: ya kupikia, si pungufu ya lita 4, kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, yapashwe hadi nyuzi 50 au 60. Yakiwa ya vuguvugu huwa mepesi na hupoza haraka kuliko yakiwa baridi. Oili chafu ya injini iache kwa ajili ya moshi wake. Pasha sm 5 za upande wa makali mpaka sumaku iache kunasa na kupita kidogo, chovya wima bila kusitasita, ikorogee kwa kupandisha na kushusha mpaka ipoe. Miali ikitokea juu ya mafuta, funika chombo. Usimwagie maji.

Jaribu kwa tupa: ikiteleza bila kung'ata, ugumu umeingia. Lakini sasa makali yatavunjika kama hayajalegezwa. Yasugue kwa msasa mpaka yang'ae, halafu pasha upande wa kichwa, mbali na makali, taratibu. Rangi zitaanza kutembea kuelekea kwenye makali: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Zambarau, karibu nyuzi 270 hadi 280, ikigusa makali ya tindo, ichovye majini isimame hapo. Kichwa kibaki laini. Kichwa kigumu hurusha vipande kikigongwa. Kisu kinataka manjano hiyo tu, nyuzi 205 hadi 230, na ni salama zaidi kukitia kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa moja, kikapoa, kikarudi saa nyingine.

Nina mabomba mengi ya zamani yaliyopakwa zinki. Naweza kuyafua?

Hapana. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini ya joto la kufulia, na moshi wake mweupe huleta homa, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye. Imani kwamba maziwa huukata isikudanganye. Na bomba lolote lililozibwa pande zote mbili lisikaribie moto, maana unyevu ulio ndani unaweza kulilipua.

Baada ya wiki mbili kiwiko kinauma hata nikishika kikombe. Niache?

Pumzika mpaka maumivu yaishe kabisa. Yakiendelea, muone daktari. Ukirudi, chukua nyundo nyepesi, shika mpini bila kuukaza, ukiulegeza kidogo nyundo inapotua ili mtikisiko usipande mkononi. Usiubane kwa kidole gumba kilichonyooshwa juu yake. Angalia urefu wa fuawe. Na uangalie rangi ya chuma: anayepiga chuma kilichopoa hupiga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi kwa kazi ileile.